Muulize Mwalimu: Mfalme Henry, Askofu Becket na ile ishu ya nani mwenye kauli juu ya mapadri

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kifo cha Thomas Becket, yule Askofu Mkuu wa Canterbury aliyekatwa kwa panga ndani ya kanisa lake jioni ya tarehe 29 Desemba 1170 na watu wa Mfalme Henry II wa Uingereza, na tangu hapo meseji hazijakatika. Wapo wanaouliza, wapo wanaogomba, kuna mmoja kanitumia voisi ndefu mpaka bando likaniishia katikati. Nimechagua chache na nimezifupisha, tuanze.

Mwalimu shikamoo. Mimi niko mwaka wa kwanza pale Mlimani, nasoma historia. Kinachonichanganya, hawa wawili si walikuwa marafiki? Walikosana kwa ajili ya dini au siasa tu? – Mwanafunzi, Ubungo

Marahaba mwanangu. Marafiki walikuwa, tena wa kula sahani moja. Becket alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa London, hana ukoo wa maana, alianza kama karani kwa Askofu Mkuu Theobald, na mwaka 1155 mfalme akamchukua akampa ukansela, yani ndo msimamizi wa waandishi wote wa mfalme na mhuri wake. Kazi aliiweza, maisha akayaweza zaidi, nguo nzuri, meza haikosi wageni, hata vitani Ufaransa mwaka 1159 alikwenda akiwa na kikosi chake. Theobald alipofariki mwaka 1161 Henry akapiga hesabu: nikimkalisha kansela wangu kwenye kiti cha Canterbury nimemaliza mchezo, serikali yangu na kanisa pia langu. Juni 1162 Becket akapewa upadri Jumamosi, Jumapili yake akawekwa wakfu kuwa askofu mkuu, wala sitanii, ilikuwa haraka hivo. Alafu haikuchukua muda akaurudisha ule ukansela. Hapo mfalme akashtuka kwamba mtu aliyemtuma amehama upande.

Sasa ili uelewe kwanini Henry alikuwa na haraka inabidi urudi nyuma kidogo. Yeye aliapishwa Desemba 1154 baada ya vita vya ndugu vya karibu miaka 20, mama yake Matilda upande mmoja na Mfalme Stephen, binamu wa huyo mama, upande wa pili. Kwenye vita vile kila bwanyenye alijijengea ngome yake na serikali ikawa jina tu, na mahakama za maaskofu zikapanuka maana watu walikuwa hawana pa kwenda. Henry alikuja na wimbo mmoja tu, kurudisha desturi za babu yake, Henry I aliyefariki 1135. Na desturi moja aliyoitaka sana ni kwamba muuaji ni muuaji, hata kama kanyolewa utosi kama watu wa kanisa.

Kwasababu wakati ule mtu yeyote aliyepitishwa na askofu kwenye daraja la kanisa, na usifikirie mapadri peke yao, hata makarani wa daraja za chini kabisa ambao wengine wao walikuwa na wake, akishtakiwa kwa wizi au mauaji anadai kesi yake iende kwa askofu. Na mahakama ya askofu haimwagi damu. Adhabu kubwa ni kuvuliwa daraja, kufungiwa kwenye nyumba ya watawa, kutubu. Mwandishi wa zama zilezile, William wa Newburgh, anasema mfalme aliambiwa watu wa kanisa walishafanya mauaji zaidi ya 100 tangu aingie madarakani. Kulikuwa na huyu Philip de Broi, mtumishi wa kanisa la Bedford, alituhumiwa kumuua mpiganaji mmoja, akaapa mbele ya askofu kwamba hakuua, basi kesi ikaisha kwa kiapo. Jaji wa mfalme alipoifufua kesi, Philip akamtukana jaji hadharani! Henry alipopata habari alichemka, na adhabu Philip aliyokuja kupewa na upande wa kanisa, viboko na kukatwa mapato, mfalme aliiona ni utani.

Januari 1164 akawaita maaskofu na mabwanyenye Clarendon, akawawekea karatasi yenye vipengele 16. (Haya ni Maazimio ya Clarendon, tusichanganye na lile letu la Arusha.) Kipengele cha 3 ndo cha moto: karani akishtakiwa aanze kuripoti mahakama ya mfalme, apelekwe ya askofu huku mtu wa mfalme anaangalia, akipatikana na hatia avuliwe daraja na kanisa lisimkinge tena, yani arudi kwa mfalme akanyongwe kama wengine. Kipengele cha 4, askofu hasafiri nje ya nchi bila ruhusa ya mfalme. Cha 7, bwanyenye anayeshika ardhi moja kwa moja kwa mfalme hatengwi na kanisa kabla mfalme hajaambiwa. Cha 8, rufaa iishie kwa askofu mkuu na mfalme, isivuke kwenda kwa Papa bila kibali. Becket kwanza akakubali kwa mdomo, alafu akajuta, Oktoba mwaka huohuo akashtakiwa Northampton na kudaiwa hesabu za pesa za enzi za ukansela, usiku akatoroka, akakaa Ufaransa miaka 6.

Kwahiyo dini au siasa? Mimi naona swali lenyewe linawapa watu wa zama zile ukuta ambao hawakuwa nao. Aliyejua kuandika barua ya Kilatini, kupiga hesabu za serikali, kutunza kumbukumbu, karibu wote walikuwa watu wa kanisa, na bila wao mfalme hana ofisi. Ni watu walewale, mabosi wawili. Ugomvi ulikuwa nani ana kauli ya mwisho juu yao, na ukiishika hiyo mengine yote yanajipanga.

We mwalimu unampendelea mfalme. Askofu alisimamia haki ya kanisa ndo maana akawa mtakatifu, mbona hoja yake huisemi? – Mkereketwa, Mbagala

Haya ndugu yangu naisema, na ni hoja nzuri kuliko watu wanavyodhani. Becket alisema Mungu mwenyewe hahukumu mara mbili kwa kosa moja, akitegemea maneno ya nabii Nahumu kama yalivyofasiriwa wakati huo. Ukishamvua mtu upadri umeshamwadhibu, ukimpeleka tena kwa mfalme akatwe mkono au anyongwe umemwadhibu mara ya pili. Wanasheria wa leo wale pale Kisutu wangemwelewa mara moja. Na kumbuka pia adhabu za mfalme wa wakati ule zilikuwa za kukata viungo, hazikuwa za kuchezea.

Ninachomlaumu Becket ni namna. Maaskofu wenzake wengi hawakuwa naye, Gilbert Foliot wa London alimpinga wazi mpaka mwisho, na wengi wao walikuwa wanatafuta njia ya kuishi na mfalme bila kumuuza Papa. Papa mwenyewe, Alexander III, alikuwa na mpinzani wake aliyewekwa na mfalme wa Ujerumani, kwahiyo alikuwa hataki kumkosa Henry, kila mara anamwambia Becket atulie. Becket kutulia hakujui. Mwaka 1166 pale Vézelay, Ufaransa, akawatenga na kanisa maofisa wa mfalme mmoja baada ya mwingine. Yashike majina mawili ya kwenye orodha hiyo, John wa Oxford na Richard wa Ilchester, tutakutana nao mbele.

Kaka mwalimu, hivi ni kweli mfalme aliagiza auawe? Nimesikia alisema hakuna wa kuniondolea huyu padri msumbufu. – Abuu, Tandika

Kaka Abuu, hayo maneno kwa namna unavyoyasikia ni ya watu wa karne nyingi baadaye. Edward Grim, karani aliyekuwa kanisani siku ya mauaji na mkono wake ukajeruhiwa akijaribu kumkinga askofu, anaandika kitu kingine: mfalme aliwalalamikia watu wa nyumbani kwake kwamba amelisha wavivu na wasaliti wanaomwacha bwana wao adharauliwe na karani wa ukoo wa chini. Ni lawama, sio amri. Lakini mfalme akilaumu mbele ya vijana wenye panga wanaotafuta cheo, tofauti ni ndogo.

Kilichomkasirisha siku hiyo kilitokana na kutawazwa kwa mwanae. Juni 1170 Henry alimvisha taji mwanae mkubwa akiwa bado yeye yuko hai, na aliyemvisha ni Roger, Askofu Mkuu wa York, wakati kazi hiyo kwa desturi ni ya Canterbury. Julai wakapatana Fréteval, Becket akarudi Uingereza mwanzoni mwa Desemba, lakini kabla hata hajavuka bahari alishatuma barua za kumsimamisha Roger na kuwatenga maaskofu wa London na Salisbury. Hao watatu wakaenda kumsemea kwa mfalme Normandy wakati wa Krismasi. Usiku ule wakaondoka wapiganaji wanne wa mfalme, Reginald FitzUrse, Hugh de Morville, William de Tracy na Richard le Bret, na siku nne baada ya Krismasi kazi ikaisha.

Cha ajabu unajua walifanywa nini? Mfalme hakuwanyonga. Walikwenda kujificha kwenye ngome ya Knaresborough, Papa akawatenga, alafu wakaamriwa kwenda Nchi Takatifu kufanya toba. Yani kwa sheria ya kanisa ileile aliyoifia Becket, aliyemgusa mtu wa kanisa naye ni wa kanisa kumhukumu, na kanisa halinyongi. Richard wa Dover, aliyekalia kiti cha Canterbury baada ya Becket, alikuja kulalamika kwa uchungu kwamba mtu akiiba kondoo au mbuzi ananyongwa ila akimuua padri anatumwa Roma tu. Mwaka 1176 ndo ikakubaliwa wauaji wa mapadri washughulikiwe na majaji wa mfalme, askofu akiwepo.

Mimi ni mhasibu, swali langu ni pesa. Serikali ya huyo Henry ilikuwa inakusanyaje, na kanisa lilikuwa linachangia au linakula? – Dada wa mahesabu, Tabata

Dada yangu swali lako nimelipenda maana wenzako wote wanataka damu tu. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, masherifu, yani maofisa wa mfalme wa kila wilaya, walikuwa wanaitwa Hazina kutoa hesabu. Meza ilikuwa na urefu wa kama futi 10 na upana futi 5, juu yake kitambaa cha miraba, na hesabu inapigwa kwa kusogeza vipande kwenye miraba, safu ya mapeni, safu ya shilingi, safu ya pauni, ili hata sherifu asiyejua kusoma aone kwa macho anadaiwa nini. Alafu yanaandikwa kwenye ngozi zinazokunjwa kama mkeka, na kuanzia 1156 hizo kumbukumbu zipo mfululizo mpaka leo, zinasomeka. Aliyeandika maelezo ya namna Hazina ilivyofanya kazi ni mtunza hazina mwenyewe, Richard FitzNeal, na huyo unafikiri nani, mtu wa kanisa, baba yake Nigel alikuwa askofu wa Ely na yeye akaishia askofu wa London mwaka 1189. Usiniulize askofu alipataje mtoto.

Kula na kuchangia vyote vilikuwepo, ila pesa tamu kwa mfalme ilikuwa ya jimbo lisilo na askofu. Askofu akifa, mashamba na mapato ya jimbo yanaingia kwa mfalme mpaka apatikane mwingine, na hicho kilikuwa kipengele cha 12 cha Clarendon. Sasa nani ana haraka? Ni kama ile nyumba ya urithi ya Kariakoo ambayo mjomba anakusanya kodi ya wapangaji kila mwezi huku anasema warithi hawajaelewana. Jimbo la Lincoln, moja ya makubwa kabisa, askofu wake alifariki mwishoni mwa 1166, na aliyefuata kuwekwa wakfu ni 1183. Hapo katikati mwanaye mfalme wa nje ya ndoa, Geoffrey, aliteuliwa mwaka 1173 akakaa miaka bila kuwekwa wakfu, mwisho akajiuzulu akawa kansela wa baba yake. Canterbury nayo wakati Becket yuko uhamishoni mashamba yake alikabidhiwa Ranulf de Broc, adui yake mkubwa.

Mwisho wa siku nani alishinda? Naambiwa mfalme alichapwa viboko na watawa, kama ni kweli basi kanisa lilishinda bao tano. – Shabiki, Kigamboni

Viboko ni kweli. Tarehe 12 Julai 1174 Henry aliingia Canterbury miguu peku, akalala chini mbele ya kaburi la Becket, maaskofu waliokuwepo wakamchapa kila mmoja viboko vitano na watawa kila mmoja vitatu, na watawa walikuwa wengi. Akakesha pale bila kula. Na lazima niseme alikuwa na sababu ya kidunia, maana wakati huo wanae na mkewe Eleanor walikuwa wamemgeuka, na Waskoti wanamshambulia kutoka kaskazini. Kesho yake asubuhi mfalme wa Waskoti, William, akakamatwa Alnwick. Watu wakasema mtakatifu amesamehe. Propaganda kama hiyo hata uinunue huipati.

Ila bao tano? Hapana kaka. Angalia makubaliano. Mei 1172 pale Avranches aliapa kwamba hakuagiza mauaji, akaahidi kulipia wapiganaji 200 kwa mwaka mzima wailinde Yerusalemu, akaruhusu rufaa ziende kwa Papa, na akaahidi kufuta desturi mpya alizoziingiza dhidi ya kanisa. Desturi mpya! Wakati yeye siku zote anasema zake ni za babu yake, sio mpya, kwahiyo mtu mwenye akili ya kisheria anaona mlango uliachwa wazi. Kuhusu makarani wahalifu alikubali mwaka 1176 kwamba wasihukumiwe kwenye mahakama zake, isipokuwa makosa ya kuwinda kwenye misitu ya mfalme. Kulungu wake alikuwa hana utani nao.

Hilo la makarani kanisa lilishinda, sawa. Sasa ngoja nikupe upande ambao watu hawausomi. Mwaka 1173 majimbo kadhaa yaliyokuwa wazi yakajazwa. Winchester akapewa nani? Richard wa Ilchester, yule aliyetengwa Vézelay, na inasimuliwa kwamba mfalme aliwaandikia watawa wa pale wafanye uchaguzi huru ila anawakataza kumchagua mtu mwingine zaidi ya Richard karani wake. Ely akapewa Geoffrey Ridel, ambaye Becket alikuwa anamwita shetani mkuu kwa kumkejeli na alimtenga mwaka 1169. Norwich mwaka 1175 akapewa John wa Oxford, ambaye alikuwa mbele kabisa siku ile ya Clarendon. Alafu mwaka 1179 mfalme akawachukua haohao watatu, Winchester, Ely na Norwich, akawafanya majaji wakuu wa nchi. Watu watatu waliotengwa na mtakatifu, wote maaskofu, wote majaji, na damu ya Becket haijamaliza hata miaka 10.

Na wakati wote huo majaji wake wanazunguka mikoani, jopo la watu 12 wa kila tarafa wanataja wahalifu wao kwa kiapo kufuatana na amri ya 1166, kesi za ardhi zinaongezeka kwenye mahakama ya mfalme kwa sababu watu waliona zinaisha haraka. Kwahiyo ukiniuliza mimi, Becket alishinda kaburini na Henry akashinda ofisini, na ofisi ndo iliyokuwa inaendesha nchi.

Mwalimu, mimi nasali Mtakatifu Albano pale Upanga. Sisi Waanglikana wa hapa Dar tuko chini ya mfalme wa Uingereza? Jirani yangu ananitania kila Jumapili. – Mama Neema, Ilala

Mama Neema shikamoo, mwambie jirani akapumzike. Mfalme ni gavana mkuu wa Kanisa la Uingereza tu, jambo lililotokana na sheria za Henry VIII, aliyejitangaza mkuu wa kanisa mwaka 1534, na baadaye Elizabeth I. Anglikana Tanzania ni jimbo kamili lenye askofu mkuu wake tangu 1970, na katiba yetu ibara ya 19 inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Kule Uingereza maaskofu 26 bado wanakaa bungeni kwenye Nyumba ya Malodi, huku hakuna kitu hicho.

Kwa kuwa umetaja kwamba unasali Mtakatifu Albano pale Upanga, nikuongezee hili: Mwingereza pekee aliyewahi kuwa Papa, Nicholas Breakspear, yani Hadriano IV, alitokea jirani na mji wa St Albans na alikuwa Papa wakati Henry II anaanza kutawala. Na huyo Henry VIII mwaka 1538 alivunja kaburi la Becket Canterbury akabeba dhahabu yake. Alimwona msaliti wa mfalme, hata baada ya miaka 368.

Hiyo kinga ya mapadri iliisha lini? Na wanawake je, walikuwa nayo? – Wakili mdogo, Sinza

Iliisha mwaka 1827, ndio, karne ya 19. Kwanza ilibadilika ikawa kichekesho: ili uthibitishe wewe ni mtu wa kanisa unapewa kusoma, na kawaida ni mstari wa mwanzo wa Zaburi ya 51, kwahiyo hata mwizi wa kawaida akiujua kwa kichwa anapona kamba. Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson aliua mtu mwaka 1598 akajiokoa hivohivo. Kwakuwa watu walizidi kuitumia, sheria ya 1489 iliamuru asiye padri kweli achomwe alama kwenye kidole gumba ili asiitumie mara ya pili. Wanawake hawakuwa nayo, maana hawapewi upadri, mpaka karne ya 17 bunge lilipowapa kidogo mwaka 1624 kwa wizi mdogo wa chini ya shilingi 10, na sawasawa na wanaume miaka ya 1690. Kabla ya hapo mume na mke wakiiba pamoja, mume anasoma Zaburi anaenda nyumbani, mke ananyongwa.